Mwanya wa Pili wa Kompyuta ya Mzee Zénon

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kikao cha familia kwa mama mkwe, Ngagara, Kartie ya Tano, baada ya kazi za pamoja za asubuhi. Nilifika na jembe begani ili waone nimetoka kuzibua mtaro. Hakuna aliyeuliza.

Ajenda ilikuwa moja: kuganduka kwa Mzee Zénon, baba mkwe wangu. Mwaka umeisha tangu tumzike. Jumamosi ijayo tunaganduka, yaani tunaondoa matanga: misa, hotuba, vinywaji, kisha wajane na mayatima wanarudi katika maisha ya watu wengine.

Shemeji yangu Arnaud, kaka wa mke wangu, alipewa turubai na vinywaji. Anaishi Gihosha, ana gari, ana laptop nyembamba kama chapati, basi kila jambo la maana anapewa yeye. Mimi nilipewa kusaidia. Kusaidia nini, haikusemwa.

Ikaja habari ya picha kubwa ya marehemu. Arnaud akapendekeza wakuze ile ya kitambulisho. Picha ile! Mzee anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Nikasimama. Nikasema picha nzuri kuliko zote imo ndani ya kompyuta ya Mzee mwenyewe: siku ya harusi yetu, Mzee anacheka, mkono wake umelala juu ya bega. Sikusema bega la nani. Ni langu.

Wakanikumbusha kwamba matundu ya USB ya kompyuta ile yaliungua zamani, siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo hakuna picha iliyotoka humo. Nikawajibu kwamba mimi nina sekretaria, napiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi mchana kutwa, mashine nazijua mpaka utumbo. Picha itatoka kabla ya Jumamosi. Wazee wakatikisa vichwa. Kwa kukubali, nadhani.

Humu siandiki uongo. Nina sababu yangu. Katika kila sherehe ya ukoo huu mimi hukalishwa nyuma, karibu na jenereta, na hotuba zote huzisikia kama mtu aliye ndani ya kinu. Lakini kwao anayeleta picha ya marehemu ndiye anayeibeba, anaingia mbele pamoja na mjane, na anakaa mbele. Mbele kabisa! Mbele ya wajomba!

Mama mkwe akaniita pembeni. Jina lake Adélaïde, ila mimi namwita Mama. Akanieleza kwamba kila asubuhi akitoka misa huiwasha ile kompyuta, hupika chai, na kuiacha mpaka picha zianze kupita zenyewe kwenye skrini. Anakunywa chai na Mzee, ndivyo alivyosema. Jioni huizima na kuchomoa waya ukutani, kama wafanyavyo Ngagara nzima, maana umeme ukirudi na hasira hauchagui nyumba. Akanishika mkono. "Gélase mwanangu, mi niko na ile tu. Usiniulie ile."

Nikamwambia alale usingizi.

Jumapili, 7 Septemba

Misa ya kwanza, kisha kwa Mama na bisibisi. Mke wangu Scholastique alifuatana nami. Alisema anakwenda kumwamkia mama yake. Najua alikuja kunichunga.

Nikafungua ubavu wa kompyuta. Vumbi la miaka, mayai mawili ya mjusi, na mianya mitatu ya kuchomekea kadi, yote mitupu. Mpango wangu ni rahisi. Kadi yenye matundu mapya ya USB inaingia kwenye mwanya. Picha zinatoka. Mimi nakaa mbele.

Tukaiwasha. Saa yake ikasema leo ni tarehe mosi Januari 2003. Mama akatuambia kila asubuhi huamka na siku hiyohiyo. Scholastique akasema basi ni ile betri ya duara iliyo ndani ndiyo imekufa. Waya ukishachomolewa ukutani, ile ndiyo inayoikumbusha mambo, na isipokuwepo inasahau yote. Kazini kwao ilitokea hivyo. "Papa Gaël, badilisha kwanza pile, ndiyo ufanye mengine." Gaël ni mtoto wetu.

Nikamfahamisha kwa upole kwamba betri ni ya tochi na redio. Kompyuta inakula umeme wa ukutani, yeye mwenyewe anauona waya. Akaniangalia jinsi anavyoangalia mchele wenye mawe.

Mchana akatokea Arnaud. Hakualikwa. Akaketi mbele ya skrini na simu mkononi, akingoja picha ya harusi ipite ili aipige picha. Picha ya picha! Mama akamwekea kiti, akamletea na Fanta. Alingoja sana. Ikapita wakati amegeuka kupokea simu. Mungu yupo.

Jumatatu, 8 Septemba

Jabe, kwa Azzan. Anauza vipuri vya kompyuta katika duka ambalo babu yake aliuzia vitambaa. Nikamweleza shida. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaharibu kila kitu. "Ndugu yangu, we niletee ile diski yake tu. Unakaa hapa, unakunywa chai, mi nakutolea mapicha yote, inshallah chai haijapoa."

Nikakataa. Kama Azzan ndiye atakayetoa picha, nitasema nini Jumamosi? Kwamba niliibeba diski kwenye mfuko wa plastiki? Hata mtoto anaweza kubeba mfuko wa plastiki. Nikataka kadi.

Akaniletea kadi. Ya kisasa, matundu manne, inang'aa. Haiingii kwenye mianya ya kompyuta ya Mzee, meno yake ni ya namna nyingine. Azzan akainama chini ya meza, akapekua sanduku, akaibuka na adapta: kibao kidogo, chini kina meno ya zamani, juu kinapokea kadi ya sasa. Adapta inakaa kwenye mwanya, kadi inapanda juu ya adapta kama mtoto mgongoni. Nikaipenda hapohapo. Kazi yenye adapta ni kazi ya fundi, kila mtu ataiona.

Naondoka, Azzan akauliza kama mashine inashika tarehe. Nikamjibu tarehe ninayo kwenye simu.

Jumanne, 9 Septemba

Nilifunga sekretaria mapema, wateja wavumilie. Mwanya wa kwanza uko karibu mno na feni. Wa tatu una ufa. Nikachagua wa pili. Adapta ikaingia, kadi ikapanda, na yote pamoja yakatokeza nje ya sanduku. Kifuniko hakifungi. Si neno, iache ipumue.

Nikawasha. Hakuna kitu. Windows haikuona kadi wala adapta wala mimi.

Nikaingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaokuja kabla Windows haijaamka, pale kompyuta inapoelezwa ina viungo gani. Ukurasa wote ni Kiingereza. Kifaransa ninacho, Kirundi ninacho, Kiingereza ninacho cha kutafutia vitufe. Nikasoma mstari mmoja mmoja na kidole kwenye skrini. Nikaukuta: mwanya wa pili, umefungwa. Nikaufungua, nikahifadhi, nikawasha upya. Windows ikasema imeona kifaa kipya! Nikapiga kelele, Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Kisha Windows ikaomba dereva, ile programu ya kuitambulisha kadi. Dereva yumo kwenye CD ndogo iliyokuja na kadi. Mlango wa CD umekwama. Nikasema nitamleta dereva kwa flashi. Flashi inataka tundu la USB. Tundu la USB linataka dereva. Nikakaa nikalizunguka jambo hili kama mbuzi kwenye kamba, mpaka wateja wakanipigia simu kuuliza kama nimekufa.

Nikaacha hivyo. Mama akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, eti isipigwe na baridi ikiwa wazi.

Jumatano, 10 Septemba

Jambo la ajabu. Nimefika, nimewasha, kadi haionekani. Nikaingia kwenye ukurasa wa bluu. Mwanya wa pili umefungwa! Mimi niliufungua jana kwa mkono wangu. Nilihifadhi. Mashine haijifungi yenyewe.

Nikamuuliza Mama nani aliingia humu jana jioni. Akasema ni Arnaud tu, alipitia kuleta ndizi, akanywa bia moja, akaenda zake. Arnaud! Ndizi! Kikulacho ki nguoni mwako. Anaogopa nitamzidi mbele ya wajomba, kwa hiyo anakuja jioni kufungua anachofungwa... kufunga ninachofungua. Nina hasira mpaka naandika ovyo.

Nikaufungua tena mwanya. Scholastique alipitia akitoka kazini, akachomoa pini kwenye nywele zake, akaitia kwenye kijishimo chini ya mlango wa CD, mlango ukatoka. Akasema kijishimo hicho kimewekwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa karibu kufikia hapo. Dereva akaingia, kadi ikawaka taa ya kijani, kila kitu kikawa shwari.

Hapo ningechukua picha. Najua. Lakini nilipoufungulia mwanya nilikuwa nimeona kwenye ule ukurasa wa bluu mstari mwingine unaouliza picha ya skrini ianzie wapi: kwenye mashine yenyewe au kwenye mianya. Nikawaza, picha zinataka kupita kwenye kadi, basi zianzie hukohuko kwenye mwanya, zitapita haraka. Nikarudi, nikabadilisha, nikahifadhi.

Skrini ikawa nyeusi. Nikawasha upya. Nyeusi. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi kama chungu. Hata ukurasa wa bluu sasa siuoni, nitabadilishaje nisichokiona?

Mama akaingia. Nikamwambia inapumzika. Akauliza mpaka lini. Nikasema mashine za umri huu zikifanyiwa kazi hupumzika. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya ile skrini nyeusi, mikono mapajani, anaitazama. Niliona aibu. Kweli niliona aibu. Nilitoka kwa mlango wa jikoni.

Sikuweza kula. Scholastique aliuliza nina nini. Nilimjibu ni tumbo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda Ngagara asubuhi kuungama. Njiani nilipanga maneno. Mama, nimeiua. Mama, nisamehe.

Nimefika, namkuta na kikombe cha chai, picha zinapita kwenye skrini moja baada ya nyingine. Mzee kwenye mtaro. Mzee na baiskeli. Akasema jana jioni alichomoa waya kama kawaida, leo akauchomeka, ikaamka vizuri kuliko siku zote. Akanishukuru kwa kuipumzisha.

Nikamwambia ndivyo nilivyopanga.

Lakini mwanya wa pili ulikuwa umefungwa tena. Na tarehe ni mosi Januari 2003. Hapo nikafikiri kwa utulivu, kama mtu wa taaluma. Nani aliipitia nyumba hii jana jioni? Nikauliza. Arnaud tena, alileta viti vya kukodi. Basi yote yamefunuka: aliikuta skrini nyeusi, akaitengeneza ili asifiwe, na papo hapo akaufunga mwanya wangu. Mkono mmoja unaponya, mwingine unaua. Mtu hatari sana.

Nikampigia simu Scholastique. Akasema kaka yake hajui hata kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa, huwaita watu. Ndivyo anavyotaka tuamini. Akaanza tena habari ya betri, nikamwambia mteja amefika.

Nimechukua hatua. Mwanya nimeufungua. Ule mstari wa picha sikuugusa. Kompyuta nimeiacha ikiwaka, na chumba nimekitia kufuli niliyoivua kwenye mlango wa sekretaria. Ufunguo ninao mfukoni. Nimemwambia Mama hakuna kuingia mpaka nirudi, wala kuchomoa waya, ni matibabu. Aliutazama mlango. Akauliza, na kesho asubuhi? Nikasema asubuhi moja tu, Mama.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilichelewa. Kufuli iliyokuwa ya sekretaria ilikuwa Ngagara, kwa hiyo nililazimika kungoja jirani akae mlangoni kwangu.

Mama alikuwa ameketi nje ya chumba, mgongo ukutani, chai imeshika utando. Hakukasirika. Angekasirika ningepona. Alisema tu kwamba tangu Mzee aondoke hajawahi kukosa asubuhi hata moja.

Nikafungua. Kompyuta inawaka. Mwanya wa pili uko wazi! Kadi ina taa ya kijani! Chumba kimefungwa, Arnaud hakuingia, na mwanya haukufungwa. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Mahakama yoyote ingetosheka.

Nikachomeka flashi. Picha zikaanza kuhama. Nilitaka kuitafuta ya harusi peke yangu, lakini Mama aliingia na kigoda chake akaketi kando yangu, sikuwa na uso wa kumtoa. Tukatazama pamoja. Mzee alikuwa mpima viwanja wa serikali, na picha nyingi ni za viwanja: mawe ya mipaka, kona za uzio, mtaro wa jirani. Lakini katika karibu kila moja, pembeni, yumo Mama. Anaanika nguo. Anachambua maharage. Anaondoka na kikapu, mgongo tu. Mama alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kitenge. Alisema miaka yote Mzee alimwambia asogee kidogo kushoto, anapima uzio. "Kumbe haikukuwa uzio, Gélase. Mwanaume yule!"

Nilisahau kabisa shughuli ya kukaa mbele. Kwa muda.

Kisha tukaipata ya harusi. Ndiyo yenyewe. Mzee anacheka, meno yote nje, mkono wake juu ya bega langu. Mimi nimefumba macho na nina kipande cha nyama ya brosheti mdomoni, lakini bega liko sawa. Mama akasema ni hii.

Tatizo: mashine yangu inatoa nyeusi na nyeupe, karatasi ndogo. Picha kubwa za rangi zinatolewa mjini, na mwenye gari lenye mafuta ni mmoja tu. Nikamkabidhi Arnaud flashi. Nilimtazama machoni kwa muda mrefu, ajue kwamba najua. Akauliza kama nina malaria.

Mama akampa maagizo kwamba anataka Mzee peke yake, akatwe vizuri. Nikasema bega lingefaa libaki, ndilo linaloushikilia mkono. Hilo wakakubali.

Jumapili, 14 Septemba

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Sababu naieleza.

Baada ya misa picha ikafika kwenye gari la Arnaud. Kubwa! Imetiwa kwenye fremu ya mbao na kioo, upana wa mlango. Mzee anacheka. Mkono unakwenda pembeni, unatua kwenye bega lenye suti nyeusi, na hapo picha inakwisha. Nimebaki bega na nusu ya sikio. Si mbaya. Sikio langu linajulikana.

Nikasema ninaibeba mimi. Nikainua, ikakataa. Arnaud akashika upande wa pili bila kuombwa. Tukaingia hivyo chini ya turubai, yeye kushoto, mimi kulia, Mama katikati mbele yetu, watu wote wamesimama. Nikakaa mbele! Mstari wa kwanza, mbele ya wajomba!

Kumbe hakuna aliyeleta kigoda cha kuitegemezea picha. Ilikuwa kazi ya mtu wa kusaidia, walisema. Basi tukaishika mapajani, mimi na Arnaud, tangu hotuba ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa nje watu walimwona Mzee akicheka na miguu minne chini yake. Sisi nyuma tuliona mbao. Vinywaji vilipita mbele, havikufika nyuma. Nilisikia mjomba mmoja akimwonyesha mwenzake bega, akasema ni la Arnaud, linafanana naye. Nikatoa sauti kutoka nyuma ya mbao kwamba ni langu. Wakadhani ni mwitikio, wakapiga makofi.

Mama alisema wa mwisho. Alisema kwa Kirundi, taratibu. Alisema marehemu hakujua kumwambia mtu kwamba anampenda, hata yeye mkewe hakumwambia, maneno hayo yalimshinda. Alichojua ni kuweka mkono. Alimwekea kila mmoja aliyeko pale, siku aliyofaulu au siku aliyofiwa. Kwa hiyo mtu asiulize bega lile ni la nani. Kila mtu na ajishike bega lake.

Nikasikia viti vikilia, watu wote walikuwa wanajishika mabega. Mimi sikuweza, mikono ilikuwa na fremu. Nililia nyuma ya ile picha, sifichi. Mzee yule alinipokea nikiwa sina kazi wala viatu vya maana, na siku ile mkono wake ulikuwa mzito na wa moto. Arnaud naye alikuwa analia. Akanipa kitambaa chake kwa mkono mmoja. Nikakipokea.

Lakini nimejiuliza: kwa nini alikuwa na kitambaa tayari?

Na sikubaliani kwamba bega ni la kila mtu. Sikio lipo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimerudisha kufuli kwenye sekretaria. Asubuhi Mama akapiga simu. Picha zinapita vizuri, chai ameinywa, ila binamu wa mke wangu, Christa, amekuja na flashi kutaka nakala na tundu halifanyi kazi. Taa ya kijani imezimika. Nikauliza tarehe. Mosi Januari 2003. Nikauliza nani alikuwapo jana jioni. Arnaud, akakusanya viti.

Kuna watu hata msiba hauwabadilishi.

Scholastique akasema safari hii hanibembelezi: Mama huchomoa waya kila jioni, betri imekufa, mashine inasahau yote, mwanya unarudi kufungwa, siku niliyofunga mlango hakuna aliyechomoa, ndiyo maana ilikumbuka. Alisema yote bila kupumua. Azzan naye amesema hivyohivyo, alimpitia Jabe. Nikampongeza kwa jinsi alivyoipanga hadithi. Ni kaka yake, damu nzito kuliko maji. Simlaumu.

Dawa ni moja: kompyuta ihamie kwetu, mbali na Arnaud. Mama atakuwa akija asubuhi kunywa chai mezani petu, picha zitapita hapohapo, na ile ya harusi nitaitengenezea njia ipite mara mbili. Nimempigia kumweleza. Akasema amechoka na shughuli za juzi, leo hafungui mlango kwa mtu, na hasa mwenye bisibisi.

Masikini. Mjane anahitaji kupumzika, sitamsumbua kubisha hodi. Kesho akiwa misa nitapitia dirisha la jikoni.